Kipande cha Kati

Iko nchi moja ambayo jina lake nitalimeza, kwa sababu wakubwa wake hawasomi vitabu lakini wameajiri watu wa kuwasomea. Nitasema tu kwamba ina mji mkuu, mji mkuu una soko linaloitwa Tupendane, na mbele ya lango la soko hilo limesimama bomba nene la chuma, la maji ya kuzimia moto. Kaeni mtulie mnisikilize. Hadithi hii nikiianza huwa kichefuchefu kinanipanda, na nikikatizwa kinaanza upya.

Zamani, katika nchi hiyo, maji na zimamoto vilikuwa idara moja, chini ya paa moja, na watu wake wakinywa chai ya birika moja. Moto ukitokea gari linakuja, mpira unavutwa, mdomo wa mpira unaingizwa ndani ya mdomo wa bomba, unakazwa, maji yanatoka, watu wanarudi makwao. Hakuna aliyevishwa shada kwa hilo. Serikali ikaona mambo yanakwenda kimya mno, haipendezi. Ikaigawa idara ikawa kampuni mbili, na kila kampuni ikaletewa mtaalamu wa utambulisho.

Mtaalamu alikuwa mmoja huyohuyo, asubuhi kwa hawa, mchana kwa wale, na maneno yake hayakubadilika. "Kampuni isiyojijua ni nani," alisema, "itamezwa na nyingine." Wakurugenzi walishtuka. Walikuwa hawajawahi kujiuliza wao ni nani. Siku zote walidhani ni watu wa maji na watu wa moto.

Basi kampuni ya maji ikajiita Bubujiko. Ikachukua rangi ya buluu, ikatunga wimbo, ikajitungia hata makofi yake, ya kugonganisha ncha za vidole ili yasikike kama matone. Kampuni ya zimamoto ikajiita Ukomo. Rangi yake ikawa nyekundu, makofi yake pigo moja zito halafu kimya, na salamu yake ya kukakamaa: mkubwa akisema "Moto!", wote wanaitikia "Ukome!" Asiyeitikia alirudishwa kwenye semina ya utambulisho. Huko chakula kilikuwa kizuri, kwa hiyo wapo waliokaa kimya makusudi.

Likabaki suala la mdomo. Kamishna Mtwangi, mkurugenzi wa Ukomo, mtu mwenye shingo nene na medali alizojitunukia mwenyewe, alikuwa wa kwanza kuliona. "Mpira wetu unaingia ndani ya bomba lao," aliwaambia watu wake. "Sasa niambieni, anayeingia na anayeingiwa, nani kamezwa?" Akaamuru midomo ya mipira yote ya Ukomo itanuliwe, ili badala ya kuingia ndani ya bomba iwe inalivaa kwa juu. Habari zikafika Bubujiko. Mkurugenzi wa huko, Dakta Kigumbe, aliyekuwa akiongea polepole ili watu wapate nafasi ya kustaajabu, akasema Bubujiko haivaliwi na mtu. Midomo ya mabomba yote ya mji ikatanuliwa nayo. Tangu siku hiyo mpira na bomba vikikutanishwa vilikuwa kama sufuria mbili za ukubwa mmoja: unaweza kuzigonganisha mpaka uchoke, hakuna itakayoingia.

Likaungua ghala la pamba. Ikaungua mashine ya kusaga pamoja na nyumba za jirani. Kila mara Ukomo ilitoa taarifa kwamba gari lilifika, na Bubujiko ikatoa taarifa kwamba maji yalikuwepo. Hakuna aliyesema uongo.

*

Ndipo akateuliwa Mhandisi Sikudhani Mbwiga kuwa Ofisa wa Mashirikiano kati ya kampuni hizo mbili. Aliteuliwa kwa sababu alifanya kazi na pande zote enzi za birika moja, na kwa sababu hiyohiyo hakuna upande uliomwamini. Bubujiko walimwita yule dada wa Ukomo. Ukomo walimwita yule dada wa Bubujiko. Kwenye mkoba alibeba shati la buluu na shati jekundu, na akitoka ofisi moja kwenda nyingine aliingia kwenye choo cha kituo cha mafuta akabadilisha.

Mashati yote mawili alishonewa na mama yake. Bi. Mwatumu alikuwa na kibanda cha ushonaji pale Tupendane, mstari wa pili kutoka langoni, cha mbao na mabati kama vibanda vyote, na ndiye aliyezishonea kampuni zote mbili sare zao. Alikuwa mjane tangu Sikudhani hajaota meno ya pili. Cherehani lake la zamani, lile lenye gurudumu lililolika, ndilo lililomlisha binti yake, likamvisha, likamfikisha chuo cha uhandisi. Sikudhani alikuwa hapiti karibu nalo bila kuligusa.

"Sasa mwanangu," Bi. Mwatumu alimuuliza siku moja, "kwetu hapa pakishika moto, itakuwaje?"

"Nalishughulikia, mama."

"Unalishughulikia na wale wanaume ninaowapima viuno?"

"Haohao."

Bi. Mwatumu alitia uzi kwenye sindano. "Kila mwaka wananiambia nipanue," alisema. "Hawajawahi kuniambia nipunguze."

Sikudhani alitazama juu, kwenye waya za umeme zilizokuwa zimeviringana chini ya mabati, kila mwenye kibanda kajiunganishia wake. Akatoka hapo moja kwa moja mpaka kwa mchomelea vyuma wa nyuma ya soko. Walikata kipande cha bomba kisichozidi urefu wa kiganja, chembamba pande zote mbili, wakakichonga meno ya kukazia huku na huku. Asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, alikiingiza upande mmoja kwenye mdomo wa bomba, upande wa pili kwenye mdomo wa mpira, akafungulia. Maji yalitoka. Alicheka peke yake barabarani kama mwendawazimu.

*

Kikao kilifanyika Wizara ya Mashirikiano. Mezani palikuwa na chupa za maji zenye nembo ya Bubujiko, kwa hiyo watu wa Ukomo hawakunywa mpaka mhudumu alipozibandua nembo hizo moja moja, kwa kucha. Waziri alihutubia muda mrefu kuhusu umoja. Alipomaliza akangoja makofi, hayakuja. Hakuna aliyejua ni makofi ya kampuni gani yapigwe, na hakuna aliyetaka kuonekana anapiga ya wenzake. Waziri alikohoa, akaketi.

Sikudhani akakiweka kipande mezani.

"Nani anamezwa hapo?" Kamishna Mtwangi aliuliza kabla hata ya kuelezwa ni nini.

"Hakuna, mkuu. Mpira unakimeza kipande upande huu."

"Na sisi?" Dakta Kigumbe aliuliza polepole.

"Bomba linakimeza upande huu, daktari. Nyote mnameza."

Wanaume wale walitazamana kwa mara ya kwanza bila chuki. Kamishna alikishika kipande, akakigeuza, akampa Dakta, naye akakipokea, na Sikudhani alihisi machozi yanamlengalenga. Akaona soko la mama yake limepona. Ndipo Dakta Kigumbe akauliza, "Na kipande chenyewe, ni cha nani?"

Hapo kikao kilianza rasmi. Kipande kikiwa cha buluu, gari la Ukomo haliwezi kukibeba, kwa sababu kiapo cha wafanyakazi wa Ukomo kinawakataza kugusa kisicho chao. Kikiwa chekundu, bomba la Bubujiko haliwezi kukiruhusu ndani. Sikudhani akasema kisipakwe rangi yoyote. Waliguna chumba kizima. Mtaalamu wa utambulisho, aliyekuwa amealikwa na pande zote mbili na ameketi katikati, alimwuliza kwa huruma kitu kisicho na rangi kinauambia ulimwengu nini.

"Kinauambia moto uzimike," Sikudhani alisema.

Waliandika jibu hilo, wakaliweka pembeni. Waziri ndiye aliyepata ufumbuzi, na aliutoa akiwa amesimama. Kwa kuwa kipande si cha hawa wala si cha wale, itaundwa kampuni ya tatu ya kukimiliki: Kampuni ya Taifa ya Kipande cha Kati. Mkurugenzi wake atapatikana kwa ushindani wa wazi, naye ni Bwana Shadhili Pazi. Bwana Shadhili alikuwa shemeji yake Waziri, na kwa bahati njema siku hizo hakuwa na kazi.

Sikudhani alihamishiwa huko. Mama yake akamshonea shati la njano.

*

Mtu mwenye akili angedhani kampuni iliyoundwa kwa ajili ya kipande itatengeneza vipande. Ndiyo maana mtu mwenye akili hapewi kampuni. Kwanza lilitafutwa jengo, kisha kapeti la jengo, kisha wafanyakazi wote wakapelekwa kwenye hoteli ya mlimani kutafuta utambulisho, na aliyewasubiri huko, akiwa na bilauri ya maji ya ndimu, ni mtaalamu yuleyule. Walipata wimbo. Walipata makofi ya kusugua viganja. Walipata salamu: "Katikati!", na kuitikia, "Ndipo penyewe!"

Siku ya mwisho Bwana Shadhili alisimama mbele yao ameshika kipande cha Sikudhani, macho mekundu.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekitazama hiki kitu usiku kucha. Bomba linakimeza. Mpira unakimeza. Wenzetu wanamwogopa mmezaji mmoja, sisi tumeundiwa wawili. Mimi nimeacha shughuli zangu zote nije kuongoza kampuni inayomezwa kotekote?"

Ukumbi ulisugua viganja kwa uchungu. Sikudhani aliinua mkono. Mtaalamu akamwambia kipindi cha maoni kilikuwa asubuhi.

Walirudi mjini na azimio. Kipande rasmi cha taifa kitakuwa na mdomo mpana pande zote mbili, sawa na wa bomba na sawa na wa mpira, kitang'arishwa, na kitachorwa nembo. Kile cha kwanza kilitangazwa kuwa kipande kisicho na utambulisho, kikapigwa marufuku kuonekana ndani ya jengo.

"Mkuu," Sikudhani alimfuata Bwana Shadhili ofisini, "hicho cha kwenu hakitaingia popote."

"Kuingia siyo lengo la awamu hii," Bwana Shadhili alimjibu kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa. "Awamu hii tunajitambulisha. Kuingia ni awamu ya pili."

Sikudhani alikipeleka kipande chake kwa mama yake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Bi. Mwatumu alikipima mkononi, akakiweka juu ya kitambaa alichokuwa anakata, kikatulia.

"Kizito kizuri hiki," alisema. "Hakikimbii."

"Usikitupe, mama."

"Nikitupe nimeona nini? Nimepata mkono wa tatu."

*

Uzinduzi ulifanyika palepale kwenye lango la Tupendane, mbele ya bomba. Yalisimamishwa mahema matatu, la buluu, jekundu na la njano, na katikati yao likaegeshwa gari la Ukomo, limepakwa nta mpaka linaumiza macho. Tangi lake lilikuwa tupu, maji yake yalitumika asubuhi kumwagilia njia ili Waziri asipate vumbi. Kipande rasmi kilikuwa juu ya mto wa hariri. Spika kubwa zilihitaji umeme mwingi, kwa hiyo fundi wa muziki alipanda juu ya mabati ya mstari wa pili, akaunga waya wake kwenye zile zilizoviringana. Bi. Mwatumu alikuwa kibandani, anamalizia sare za njano ambazo kwaya ingezivaa jioni.

Waziri alikuwa amefika mahali anaposema nchi yake sasa imeingia katika kundi la mataifa yanayounganika. Akatoka mbio langoni mwanamke mmoja muuza sambusa, kilemba kimemvuka, anapiga kelele.

"Moto!"

"Ukome!" wakaitikia Ukomo wote, wamesimama wima.

Mwanamke akapigwa na butwaa. "Jamani, moto!"

"Ukome!" Safari hii kwa nguvu zaidi, pamoja na lile pigo moja zito la makofi. Kamishna Mtwangi alitikisa kichwa kuridhika. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona raia wa kawaida aliyeipenda kampuni kiasi kile.

Wakaona moshi. Ukitoka pale waya wa spika ulipoungwa.

Nikisema walikosa vifaa nitakuwa nawasingizia. Gari lilikuwepo, bomba lilikuwepo, kipande kilikuwepo na mto wake. Waliuvuta mpira mbio, wakauleta kwenye kipande cha taifa. Mdomo kwa mdomo. Wakakipeleka kipande kwenye bomba. Mdomo kwa mdomo. Askari wa Ukomo alijaribu kuvishikilia kwa mikono huku mwenzake akimkumbatia kiunoni.

"Fungulia hivyohivyo!" Kamishna alisema.

"Yatamwagika pembeni," Dakta Kigumbe alijibu, kidole kikiwa juu. "Maji ya Bubujiko hayamwagiki ovyo mbele ya kamera."

"Basi kipunguzwe hiki kipande."

"Hakipunguzwi," Bwana Shadhili alisema, akakikumbatia.

Sikudhani hakungoja wamalize. Alikumbuka kilipo. Alipita lango watu wakitoka wamebeba walichoweza, akageuka mstari wa pili, na joto likampiga usoni. Mama yake alikuwa ndani, ameinama, analivuta cherehani la zamani kuelekea mlangoni, na lilikuwa halisogei.

"Mama, kipande kiko wapi?"

"Mezani. Chini ya zile za njano."

Meza ilikuwa inawaka. Sare za kwaya zilikuwa zimeshika zote kwa pamoja, na bati la juu lilikuwa linapinda. Sikudhani alitazama meza, akamtazama mama yake. Hakufikiri sana, lakini alifikiri, na hicho ndicho kilichomkera maisha yake yote yaliyofuata: kwamba watu walimfikisha mahali pa kufikiri. Alimshika mama yake kwapani. Bi. Mwatumu hakutaka kuliachia cherehani. Chuma cha gurudumu kilikuwa kimepata moto, kiganja kimemgandia, na binti yake ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja huku akilia kwa hasira.

Walitoka. Nje kwaya ilikuwa inaimba, maana Bwana Shadhili aliwaambia wasiache, wageni wasije wakapata hofu. Waziri alikuwa na shughuli nyingine mbele, kwa hiyo utepe ulikatwa palepale ili ratiba isiharibike. Alikata, akapiga picha, na nyuma yake mabati ya mstari wa pili yakaanguka kwa mpigo. Nyie mnanitazama kana kwamba naongeza chumvi. Laiti ningekuwa naongeza.

*

Moto uliondoka wenyewe, baada ya kukosa cha kula. Waziri hakwenda tena kwenye ile shughuli nyingine. Aliambiwa kamera zote ziko huku. Wakurugenzi walipanga viti mbele ya majivu wakatoa taarifa kwa zamu. Kamishna Mtwangi alisema gari lilifika, tena lilikuwepo kabla ya moto, jambo ambalo halijawahi kutokea popote. Dakta Kigumbe alisema maji yalikuwepo. Bwana Shadhili alisema kipande kilizinduliwa kwa mafanikio, na kwamba funzo la siku hiyo ni haja ya kuunda chombo kingine, kidogo tu, cha kuunganisha kipande na pande mbili. Tayari mtaalamu alikuwa anampa kadi yake.

Sikudhani alikuwa anatembea kwenye majivu, pale palipokuwa mstari wa pili. Aliipita fremu ya cherehani bila kuigusa. Aliupata mguu wa meza, na kando yake kiatu kikagonga kitu kizito. Alivua shati lake la njano, akabaki na fulana, akakiviringisha kipande ndani yake kwa sababu kilikuwa bado cha moto, akatoka nacho langoni.

Hakumsalimia mtu. Alikikaza kwenye mdomo wa bomba. Akauokota mpira mahali ulipoachwa, akaukaza upande wa pili. Akafungulia.

Mpira ulijinyoosha, ukaruka, ukamwaga. Uliyapiga mahema, ukayapiga majivu, ukampiga Kamishna kifuani mpaka medali zikalia. Waziri alipandisha suruali mpaka magotini.

"Nani ameruhusu?" Dakta Kigumbe alikuwa anasema, na safari hii hakusema polepole. "Maji yetu yanapita kwenye kitu kisicho na utambulisho. Fungeni. Mkamateni huyo."

"Ni mfanyakazi wenu huyo," Kamishna alimwambia.

"Ni wenu."

"Si wangu," Bwana Shadhili akawahi. "Tazameni, hana hata sare."

Kwa kuwa hakuwa wa mtu, hakuna askari aliyejua nani mwenye mamlaka ya kumkamata. Wakasimama wanalowa. Sikudhani alikaa chini kando ya bomba, miguu ndani ya maji, na hakufunga.

Bi. Mwatumu alikuja polepole kutoka walikokuwa wamemkalisha, ameushika mkono wake ulioungua kwa mkono mzima. Alikikinga kiganja pale maji yanapotirika, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo. Kisha akachota kwa mkono wa pili, akanawa masizi usoni. Aliyatazama maji yanavyokwenda, yanaingia langoni, yanapita juu ya mkaa wa mstari wa pili, yanabeba vipande vya kitambaa cha njano.

"Kumbe yalikuwepo," alisema.